Radi Hushuka au Hupanda? C. V. Boys, Kamera ya Lenzi Mbili na Umeme wa Kisii na Nyamira

Utangulizi

Nyanda za juu za Kisii na Nyamira zinasifika kwa ndizi, kwa majani chai ya Kebirigo na Nyansiongo, na kwa mawe laini ya Tabaka yanayochongwa vinyago. Zinajulikana pia kwa radi. Mji wa Kisii uko kwenye kimo cha takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu za juu za Nyamira hufikia mita 2,000 na zaidi, ilhali uso wa Ziwa Victoria, lililo upande wa magharibi, uko mita 1,134 tu. Mchana ardhi hupata joto upesi kuliko maji. Upepo wenye unyevu hutoka ziwani, hupanda miinuko hiyo na kukutana na pepo zitokazo mashariki. Hewa husukumwa juu, mawingu hurundikana, na inapofika alasiri ngurumo huanza. Usiku mambo hugeuka: upepo huteremka kutoka nchi kavu, na dhoruba huhamia juu ya ziwa lenyewe. Mtu aliyesimama kwenye mwinuko wa Manga usiku usio na mawingu karibu naye huweza kuona upeo wa magharibi ukimetameta bila kusikia mngurumo wowote, kwa kuwa sauti ya ngurumo ni nadra kusikika zaidi ya kilomita 20.

Makala haya yanajadili maisha na utafiti wa Charles Vernon Boys (1855–1944), mwanafizikia Mwingereza wa majaribio ya mwanga, aliyebuni kamera iliyoonyesha kwa mara ya kwanza namna mmweko wa radi unavyojengeka hatua kwa hatua. Huenda msomaji wa jarida la Kiswahili akauliza fizikia inatafuta nini katika kurasa hizi. Jibu ni kwamba suala la radi ni suala la fizikia na la lugha kwa wakati mmoja. Yale ambayo jicho halikuweza kuyatenganisha, lugha nayo iliyataja kwa jumla. Na katika maeneo ambako radi huua watu, mkanganyiko huo una gharama yake.

Umeme, radi na ngurumo

Ni vyema kuanza na maneno. Kiswahili kina majina matatu kwa tukio ambalo kwa mwanafizikia ni moja. Umeme ni ule mwako wa ghafla unaoonekana angani. Ngurumo ni sauti. Radi, katika matumizi ya kila siku, ni kile kinachopiga: huchana mti, huua ng'ombe, hubomoa ukuta. Neno hili la tatu limetokana na Kiarabu, na inafaa ikumbukwe kuwa katika Kiarabu ra'd maana yake ni ngurumo. Mwako huitwa barq, na kile kinachoteremka na kuunguza huitwa sa'iqa. Kiswahili kilichukua jina la sauti na kulipa kazi ya kutaja pigo. Luganda nayo ililichukua neno hilohilo kwa umbo la laddu.

Lugha za Kibantu za eneo la Maziwa Makuu zina neno lao la asili. Kinyarwanda husema inkuba, Ekegusii enkoba, na katika Luganda enkuba imehamia kwenye maana ya mvua. Maneno haya ni ya ukoo mmoja. Mwanafunzi wa isimu linganishi atafurahia kuona jinsi mvua, ngurumo na mwako vinavyobadilishana majina kutoka lugha moja hadi nyingine, kwa kuwa wasemaji waliyakuta yote pamoja, siku moja, wingu moja.

Neno umeme nalo lilipata mzigo wa pili baadaye, pale lilipoanza kutumiwa kwa nguvu inayopita kwenye nyaya na kuwasha taa. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kisayansi, kwa maana nguvu hizo mbili ni za aina moja. Hata hivyo, umeleta ugumu darasani. Mwalimu anaposema kuwa umeme wa radi hupita ardhini, mwanafunzi wa Nyamira asiye na nyaya kwao hujiona yuko salama.

Maisha ya Boys

Boys alizaliwa mwaka 1855 huko Wing, Rutland, akiwa mtoto wa kasisi. Alisoma katika shule ya Marlborough, kisha katika Chuo cha Kifalme cha Migodi jijini London, na baadaye akawa mwalimu wa fizikia huko South Kensington. Ualimu haukuwa kipaji chake. Mmoja wa wanafunzi wake, H. G. Wells, ambaye baadaye alitokea kuwa mwandishi mashuhuri wa riwaya, alimtaja katika tawasifu yake ya mwaka 1934 kuwa miongoni mwa walimu wabaya kabisa aliowahi kuwapata. Hukumu hiyo ni kali, na pengine si ya haki kwa mtu ambaye mihadhara yake kwa watoto kuhusu mapovu ya sabuni, aliyoitoa London katika majira ya baridi ya 1889 na 1890, ilichapishwa kuwa kitabu kinachosomwa hadi leo. Rangi zinazocheza kwenye povu la sabuni ni somo la mwanga: miale inayoakisiwa na uso wa nje wa utando hukutana na ile inayoakisiwa na uso wa ndani, baadhi ya rangi zikaimarishana na nyingine zikafutana. Boys alilionyesha jambo hilo kwa vitu vya jikoni.

Umahiri wake ulikuwa katika mikono. Mwaka 1887 alihitaji uzi mwembamba mno wa kuning'inizia sehemu za vipimo vyake. Aliyeyusha jiwe la kwazi, akalifunga kwenye mshale wa unyasi, akaufyatua mshale huo kwa upinde chumbani. Nyuma ya mshale ulibaki uzi wa kwazi mwembamba kupindukia, wenye nguvu na usiolegea. Kwa nyuzi hizo alitengeneza kipimo cha miale ya joto kilichoweza kuhisi mshumaa ulio umbali wa zaidi ya maili 1, na kwa nyuzi hizohizo alipima upya nguvu ya uvutano huko Oxford, akifanya kazi usiku wakati mitetemo ya barabara na reli imetulia. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1895. Mwaka 1888 alikuwa amekwisha kuteuliwa kuwa mwanachama wa Royal Society.

Kazi inayohusika zaidi na mada hii ni picha zake za risasi. Mwaka 1892 aliwaonyesha wasikilizaji mjini Edinburgh picha za risasi zikiwa hewani, pamoja na mawimbi ya hewa yaliyotangulia mbele yake. Hakutumia kamera yenye kifuniko cha haraka, kwa kuwa hakuna kifuniko kilichoweza kufunguka na kufungika kwa wepesi huo. Alikaa gizani, akaacha bamba la picha wazi, na risasi yenyewe ikagusa nyaya na kuwasha cheche ya umeme iliyodumu chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Cheche hiyo ndiyo iliyokuwa taa. Kwa maneno mengine, Boys alitumia radi ndogo ya maabarani ili kuona kitu kinachokwenda kasi. Kutoka hapo kuligeuza swali hakukuwa mbali: je, cheche yenyewe huanzia wapi na kuishia wapi?

Kamera iliyosubiri miaka 28

Kiswahili husema mwenye macho haambiwi tazama. Kuhusu radi, methali hiyo haifai kitu. Jicho la binadamu huendelea kuona taswira kwa muda mfupi baada ya mwanga kuzimika, na mambo yote yanayotendeka ndani ya muda huo huonekana kama jambo moja. Kamera ya kawaida haina nafuu: hukusanya mwanga wote kwenye picha moja, na picha hiyo haimwambii mtu sehemu ipi iliwaka kwanza.

Karibu na mwaka 1900 Boys alibuni kifaa chepesi kukieleza. Alichukua sahani ya duara na kuweka lenzi mbili zinazolingana, kila moja kwenye upande wake wa kipenyo. Nyuma ya sahani aliweka filamu isiyosogea. Sahani ilipozungushwa kwa kasi, kila lenzi ilichora picha yake ya mmweko uleule, lakini wakati lenzi moja ilikuwa ikienda kulia, nyingine ilikuwa ikienda kushoto. Kama mmweko mzima ungewaka kwa dakika ileile, picha mbili zingelingana kabisa. Kama upande wa chini ungewaka kabla ya ule wa juu, picha moja ingeinama upande huu na nyingine upande ule. Kwa kupima tofauti ya miinamo hiyo, na kwa kujua kasi ya sahani, mtafiti angepata mwelekeo wa mwanga na kasi yake. Hakuna saa iliyotumika. Nafasi kwenye filamu ndiyo iliyogeuzwa kuwa saa.

Kilichokosekana ni radi. Uingereza si Gusii. Dhoruba zake ni chache, nazo hazimngojei mtu. Boys alibeba kamera yake mwaka baada ya mwaka bila kupata picha ya kuridhisha. Wakati huo alikuwa ameacha kufundisha, na tangu mwaka 1897 aliajiriwa katika kazi ya kusimamia upimaji wa ubora wa gesi jijini London. Mwaka 1926 alieleza muundo wa kamera hiyo katika jarida la Nature ili watu wengine wanaoishi penye dhoruba waweze kuitumia. Mwaka 1928, akiwa mgeni katika maabara ya Alfred Loomis huko Tuxedo Park, Marekani, hatimaye aliinasa radi. Alikuwa na umri wa miaka 73. Alipewa hadhi ya ushujaa na Mfalme mwaka 1935, akafariki mwaka 1944.

Schonland na jibu kutoka Afrika

Aliyevuna alichopanda Boys ni Basil Schonland, mzaliwa wa Grahamstown, Afrika Kusini, mwaka 1896. Schonland aliishi katika nyanda za juu zenye dhoruba za alasiri, mazingira ambayo Mkisii yeyote angeyatambua. Kuanzia mwaka 1933 yeye na wenzake walielekeza kamera za Boys kwenye anga ya Johannesburg, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 1934.

Picha zilionyesha kwamba mmweko mmoja una sehemu mbili zilizo tofauti kabisa. Kwanza, mwanga hafifu huteremka kutoka winguni kwa hatua za takriban mita 50. Hupiga hatua, hutua kwa kitambo kisichozidi sehemu chache za elfu kumi za sekunde, kisha hupiga nyingine, mara nyingi ukichepuka na kutoa matawi. Safari yake ya kilomita kadhaa huchukua takriban sehemu 20 za elfu za sekunde. Sehemu hii inaweza kuitwa kitangulizi. Kinapokaribia ardhi, cheche fupi huinuka kutoka kwenye vitu vilivyo chini yake: ncha ya mti, paa, pembe ya ng'ombe, kichwa cha mtu. Cheche mojawapo ikikutana na kitangulizi, njia hukamilika. Hapo ndipo huja sehemu ya pili, mrejeo, wimbi la mwanga mkali linalopanda kutoka ardhini hadi winguni kwa kasi inayofikia theluthi moja ya kasi ya mwanga. Mrejeo ndio unaoonwa na jicho. Hupasha hewa joto la takriban nyuzi 30,000, yaani mara tano ya joto la uso wa jua, na upanukaji wa ghafla wa hewa hiyo ndio ngurumo.

Hivyo basi, swali la radi kushuka au kupanda halina jibu la neno moja. Kwa kawaida chaji hushuka; mwanga mkali hupanda. Watu wote wanaoapa kuwa wameiona radi ikishuka wameona mwako uliokuwa ukipanda, na akili zao zikaujaza mwelekeo ambao jicho halikuupata.

Aidha, picha zilidhihirisha kuwa mmweko mmoja kwa kawaida huwa na marejeo matatu au manne yanayofuata njia ileile, yakiachana kwa sehemu 40 hadi 60 za elfu za sekunde. Muda huo unatosha kwa jicho kuhisi kitu, na ndiyo sababu umeme huonekana ukipepesa. Huenda wahenga waliounda vitenzi metameta na meremeta, kwa uradidi wa silabi, waliinakili hali hiyo kwa sikio lao vizuri kuliko walivyodhani.

Kutoka lenzi mbili hadi setilaiti

Kanuni ya kutazama radi kwa mwanga wake haikuishia kwa Schonland. Novemba 1997 setilaiti ya TRMM ilirushwa ikiwa na kamera iliyopiga picha 500 kwa sekunde, nayo iliendelea kufanya kazi hadi mwaka 2015. Tatizo lake lilikuwa mchana: mawingu yanayoakisi jua hung'aa kuliko radi iliyo ndani yake. Ufumbuzi ulikuwa chujio linalopitisha utepe mwembamba sana wa mwanga, karibu na nanomita 777.4, ambapo atomi za oksijeni zilizopashwa joto na radi hutoa mwanga mwingi. Mwanga huo uko nje kidogo ya rangi nyekundu, wala macho hayauoni vyema. Kamera, kinyume chake, huuona hata saa saba za mchana.

Uchambuzi wa takwimu hizo uliochapishwa mwaka 2016 uliweka Ziwa Maracaibo la Venezuela mbele ya maeneo yote duniani, kwa mimweko 233 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. La pili lilikuwa Kabare, mashariki mwa Kongo, kwa mimweko 205. Bonde la Ziwa Victoria nalo lilionyesha mpigo wake wa kila siku: radi mchana kwenye nyanda za juu zinazolizunguka, radi usiku juu ya maji. Wavuvi wa Winam na wachumaji chai wa Nyamira walilijua hilo bila setilaiti, lakini hawakuwa na idadi. Desemba 2022 Ulaya ilirusha setilaiti ya kizazi cha tatu cha Meteosat, yenye kamera nne za radi zinazotazama Afrika nzima bila kuondoka mahali pake angani.

Vioo, tuhuma na neno "kupigwa"

Katika nyumba nyingi za Kenya na Uganda, mvua ya ngurumo inapoanza, vioo hufunikwa na nguo nyekundu huvuliwa. Desturi hii inamhusu mwanafizikia wa mwanga moja kwa moja. Kioo huakisi miale. Hakina namna ya kuvuta chaji iliyo kilomita tatu juu. Rangi nyekundu ni mwanga uliorudishwa na kitambaa, na kitangulizi hakina macho ya kuuona. Madhara ya desturi hiyo si makubwa yenyewe. Ubaya ni kwamba mtu aliyekwisha kufunika kioo hujiona amekinga nyumba.

Imani nzito zaidi ni ile isemayo kwamba radi huweza kutumwa. Imani hii inapatikana katika jamii nyingi za Afrika Mashariki na Kusini, na tuhuma ya uchawi si jambo la mzaha. Mwezi Mei 2008 watu 11, wengi wao wakongwe, waliuawa kwa moto Kisii wakituhumiwa uchawi. Kisa hicho hakitajwi hapa kwa sababu ya radi, bali kuonyesha uzito wa kumwita mtu mchawi katika eneo hili. Pale ambapo swali la kwanza baada ya radi kuua ni "nani ameituma?", majirani wazee wamo hatarini.

Hapa sarufi inastahili kuangaliwa. Kiswahili husema "alipigwa na radi". Kitenzi kimo katika kauli ya kutendwa, na radi imeshika nafasi ya mtenda. Piga ni kitenzi cha mkono na fimbo. Si lazima sarufi izae imani, lakini kwa hakika haiizuii, na maelezo inayoyatoa ni pungufu. Wengi wa wanaokufa kwa radi hawaguswi na mmweko wenyewe. Radi hupiga mti au ardhi, na mkondo wa umeme husambaa udongoni kuelekea kila upande. Anayesimama karibu, miguu ikiwa imeachana, huwa na mguu mmoja penye nguvu kubwa ya umeme na mwingine penye nguvu ndogo, na mkondo hupanda mguu huu na kushukia ule. Ng'ombe hufa kwa urahisi kuliko mchungaji wake kwa kuwa miguu yao ya mbele na ya nyuma imeachana sana na moyo uko katikati. Ndiyo sababu ng'ombe sita huweza kukutwa wamekufa chini ya mti mmoja bila alama ya moto mwilini, jambo ambalo huchukuliwa kuwa ushahidi wa uchawi ilhali ni ushahidi wa udongo.

Tarehe 28 Juni 2011, katika Shule ya Msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, Uganda, radi moja iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao wakiwa darasani. Jengo lisilo na nyaya wala mabomba ya kuupeleka mkondo ardhini huwakinga watu na mvua tu. Mabati peke yake hayaivuti radi, kama inavyodhaniwa mara nyingi. Kasoro yake ni kukosa njia ya chuma kutoka paani hadi ardhini. Baada ya msiba huo, mtandao wa wataalamu uitwao ACLENet, wenye makao yake Uganda, umekuwa ukiweka vikinga radi katika shule za nchi hiyo. Vijiji vya Kisii na Nyamira vina shule nyingi za namna hiyo, nyingine zikiwa juu kabisa ya vilima, mahali palipopendelewa na waanzilishi wake kwa sababu panaonekana kutoka mbali.

Kwa kuwa maneno kitangulizi na mrejeo hayajazoeleka, walimu watalazimika kuchagua kati yake na mengine. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 inaweza kuwa mahali pa kuanzia. Lililo la haraka zaidi ni lile linalomhusu aliyeanguka. Katika vijiji vingi watu huogopa kumgusa kwa kudhani kuwa umeme bado umo mwilini mwake, kama ulivyomo kwenye waya uliokatika. Mrejeo wa mwisho ulikwisha kabla ya ngurumo kusikika, na mwili haubaki na chaji yoyote. Mara nyingi kinachokuwa kimesimama ni moyo na pumzi, na mtu wa karibu anayemkandamiza kifua papo hapo na kumpulizia hewa kinywani huweza kumrudisha.